Shimo Lina Upana wa Mita Moja

Ukutani zilibandikwa karatasi kumi na nne, na katika tisa kati ya hizo herufi za neno SHIMO zilikuwa zinaanguka. S imesimama juu, H imeinama, I imepinduka, M na O zimelala chini kabisa pembeni mwa ukurasa, kama viatu vilivyovuliwa. Kila mwanafunzi alikuwa amefanya kazi yake kwao, bila kumchungulia mwenzake, na ndiyo maana nilisita kuwakemea. Wazo linalowajia watu tisa kwa juma moja halikuibwa na mtu. Lilikuwa limekaa mlangoni, na kila aliyeingia alilichukua.

Zoezi lenyewe ni la kawaida katika masomo ya michoro: chukua neno au sentensi inayosemwa hapa Kolwezi, uipange kwenye karatasi ya A3 kwa herufi peke yake, bila picha, hata anayetazama aipate maana mwilini kabla macho hayajamaliza kusoma. Mimi nilialikwa kama mtu aliyekula kwa brashi ya mabango miaka mingi, nije nitazame rasimu na kusema la kusema. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyasema siku ile, pamoja na mengine yaliyonijia nikiwa njiani kurudi nyumbani, maana jibu zuri huwa na tabia ya kuchelewa.

Niliwauliza: nani kati yenu amewahi kushuka? Mikono mitatu ikainuka, mmoja kwa aibu. Nikawauliza hao watatu: mlianguka? Darasa likacheka. Anayeanguka haleti habari. Mchimbaji wa mkono hushuka, mgongo kwenye ukuta mmoja na nyayo kwenye ukuta wa pili, au vidole vya miguu ndani ya vijishimo alivyochonga ubavuni mwa udongo. Shimo lina upana wa kama mita moja, kiasi cha mtu na viwiko vyake. Kanuni za madini za nchi hii zinamkataza mchimbaji wa mkono kupita mita 30 kwenda chini, ingawa mkaaji yeyote wa mtaa wetu wa Kasulo atakuambia habari za mashimo yaliyopita hapo. Na Kasulo, tangu madini yagunduliwe chini ya nyumba za watu mwaka 2014, mengi ya mashimo hayo yalichimbwa uani, hatua chache kutoka jikoni.

Sasa rudi kwenye zile karatasi tisa. Herufi zinazoanguka zinasema uongo kuhusu kitu ambacho nusu ya darasa wanakijua kwa majina ya kaka zao. Mwanafunzi anapoletewa kazi yake airekebishe, kwa kawaida hujiuliza kama imependeza, kisha anahamisha M kidogo kulia na kubadilisha fonti. Kazi haibadiliki. Swali la kujiuliza ni kama kitu chenyewe hufanya hivyo. Je, shimo huangusha? Je, bei huruka? Je, vumbi la kiangazi hapa kwetu hutawanyika, au hukaa? Ukijibu vibaya hapo, hakuna fonti itakayokuokoa.

Mmoja wa wale watatu, binti mpole aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, alikubali tuichukue karatasi yake tuifanyie kazi mbele ya wote. Tulianza na rula. A3 ikisimama wima ina urefu wa sentimita 42 na upana wa sentimita 29,7. Tukasema mita moja ya ardhi iwe sentimita moja ya karatasi. Basi shimo la halali lina urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita moja, linaingia kwenye ukurasa na kubakiza sentimita 12. Tukaacha sentimita 8 juu, 4 chini. Alipoichora ile safu kwa penseli, nyembamba namna ile katikati ya weupe wote ule, watu walinyamaza. Hakukuwa bado na herufi hata moja.

Sentimita moja inabeba nini? Kwa herufi za pointi 10, inabeba silabi moja bila kubanwa, na Kiswahili hapa ni mkarimu kwa mpangaji wa kurasa: silabi zetu ni fupi, nyingi za herufi mbili au tatu, na karibu zote huishia irabu. Kifaransa kingemtesa. Tukaweka milimita 4 kutoka mstari hadi mstari, silabi moja kila mstari, na hesabu ikatoka yenyewe: mistari 75. Binti hakuwa tena na neno moja la herufi tano. Alikuwa na silabi 75 za kujaza, kwa hiyo ilimlazimu ajue mtu husema nini moyoni akiwa anashuka. Akaandika: tunashuka polepole, muguu huku, muguu kule. Hizo ni silabi 18, sentimita 7,2 za karatasi. Kwa kipimo chetu, sentensi hiyo imemfikisha mita saba na ushee. Juu, kwenye zile sentimita 8 za uso wa ardhi, aliweka mstari mmoja uliolala kwa upana wote wa ukurasa, herufi za kawaida, sauti ya mtu wa jikoni: bukari iko tayari.

Mwenzake mmoja alitaka weupe uliobaki upakwe kahawia, na mawe yachorwe. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Weupe ule ndio udongo. Ukiupaka rangi unakuwa picha ya udongo, na msomaji anaacha kubanwa.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkishike zaidi, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Baada ya kupata safu yake, binti alifurahi, akaanza kuichezea: mistari yote ikasogezwa kushoto na kulia, baadhi ikanenepeshwa, nyingine ikainamishwa. Nikamwomba asome kwa sauti huku akinionyesha kwa kidole kila silabi iliyosogezwa na sababu yake. Kwenye “muguu huku” alikuwa na sababu: mguu umegusa ukuta wa kushoto. Kwenye “muguu kule” pia: umegusa wa kulia. Kwenye “polepole” hakuwa nayo. Alisogeza kwa sababu mistari ya jirani ilikuwa imesogezwa. Tukarudisha yote katikati isipokuwa ile miguu miwili, kila mmoja kwa milimita 2 tu, na ghafla miguu ikaonekana. Ilikuwa pale tangu mwanzo, imefichwa na kelele za jirani zake.

Kwa wanaodhani ninawanyima raha, mambo haya ya herufi kutoka kwenye mstari si mageni, na waliotutangulia hawakuwa waoga. Guillaume Apollinaire, katika kitabu chake cha Calligrammes cha mwaka 1918, alipanga shairi kuhusu mvua kwa mistari mirefu ya herufi inayoteremka ukurasani kama maji kwenye kioo. Herufi zake zinaanguka kwa haki, kwa sababu mvua huanguka. Robert Massin, alipopanga tamthilia ya Ionesco iitwayo La Cantatrice chauve mwaka 1964, alimpa kila mhusika sura yake ya herufi, msomaji akajua nani anasema bila kutafuta jina. Massin huyohuyo alifikia hatua ya kuchapisha maneno juu ya mpira na kuuvuta ili herufi zinyooke na kupinda. Hakuwa na programu ya kompyuta. Alikuwa na mpira, na alikuwa na sababu. Ukitazama kurasa zake utaona vurugu, lakini jaribu kuondoa kitu kimoja uone kama hutamnyamazisha mtu.

Upande wa pili wa Afrika hii yetu, watu wa pwani wamefika mbali kwa njia iliyo kinyume. Jina la kanga hukaa mahali palepale, mstari mmoja, herufi kubwa, ndani ya mji wa kanga upande wa chini. Hakuna herufi inayoinama. Lakini anayeisoma anajua jirani amemsema nani. Nguvu iko kwenye mahali maneno yalipokaa na mwili unaoyavaa. Kwa hiyo usidhani kwamba taipografia yenye hisia lazima iruke sarakasi.

Sasa suala la tahajia, ambalo walimu wangu wa zamani wangenichapa kwalo. Shuleni utaandika mtu, mtoto, mguu, na ni sawa. Lakini kama sentensi uliyoichagua umeisikia Manika au Mutoshi, kinywa kilichoitamka kilisema mutu, mutoto, muguu. Tofauti hiyo unaiona kwa macho vilevile. “Mtoto” huanza kwa kugongana kwa konsonanti mbili. “Mutoto” hutembea, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, hatua sawa. Katika ile safu ya silabi moja moja, “m” peke yake kwenye mstari ingeonekana kama jiwe limekwama. Kuchagua tahajia ni kuchagua umbo, na mwenye kuandika kwa sanduku la herufi asijifanye hajui. Ila chagua moja ukae nayo: ukurasa unaosema “muguu” mstari huu na “mguu” ule unaonekana umechapwa na watu wawili waliogombana.

Katanga ina ushahidi mkubwa kuhusu jambo hili. Mwaka 1965, mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya sasa, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani mwa wazungu. Maandishi yale ya taipureta yalikuwa kwa Kiswahili cha huku, na maneno yake yalikatwa na kuunganishwa kwa namna ambayo msomaji wa kimyakimya hupotea baada ya mistari miwili. Johannes Fabian, msomi aliyeyachapisha kwa tafsiri mwaka 1990, ilibidi kwanza ayasomeshe kwa sauti na mzaliwa wa lugha, ndipo sentensi zikafumbuka. Mimi sioni upungufu hapo. Naona ukurasa uliokuwa umeandikwa kwa ajili ya koo. Kwenu ninyi jambo hilo lina matumizi ya moja kwa moja: nafasi kati ya neno na neno ni uamuzi wako, haikuumbwa na kibonye kirefu cha kompyuta. Mpe karatasi yako mtu ambaye hajaiona, akusomee kwa sauti, wewe nyamaza kabisa. Akijikwaa mahali ulipotaka ajikwae, vizuri. Akijikwaa penginepo, usimweleze. Rekebisha.

Nina kovu langu katika hili. Zamani nilichora bango la mgahawa, KUKU WA KUCHOMA, na kwa kuogopa ubao usinitoshe nikabana mwanzo na kulegeza mwisho. Bango likakauka likisomeka KUKUWA KUCHOMA. Mwenye mgahawa alinilipa nusu, na kwa miezi kadhaa watoto wa mtaa walinisalimia kwa kuuliza kukuwa ni mnyama gani. Siku hizi, nikimaliza kupanga neno, nalipindua juu chini na kulitazama hivyo. Likiwa limepinduliwa jicho haliwezi kusoma, kwa hiyo linaona nafasi tu: hapa pana pengo, hapa pamesongamana. Ni hila ya mafundi wa zamani na haigharimu kitu.

Kijana mmoja kati ya wale watano ambao hawakuchagua shimo alileta bango la bei. Mnajua mabango hayo kwenye depo za kununulia madini, kule Musompo na kando ya barabara: kipande cha gunia au kadibodi, safu moja ya tenere, yaani kiwango cha madini ndani ya mawe, kwa asilimia, safu nyingine ya faranga kwa kilo, yote kwa mkono na kalamu nene. Madini hupimwa kwa mashine ndogo ambayo wachimbaji wengi huiita Metorex, tarakimu inatoka, na kila mtu anageuka kutazama gunia. Kijana alikuwa ameweka tarakimu za fonti kumi tofauti, kubwa na ndogo, mishale inapanda na kushuka, na alama ya dola yenye meno. Ilikuwa na nguvu kama soko lina nguvu: huwezi kusikia mtu yeyote.

Nikamuuliza: katika alama zote hizi, ipi inaamua kama mtu atarudi nyumbani na hela? Alifikiri sana. Halafu akaweka kidole kwenye koma.

Ndiyo. Kwa uandishi wetu tuliorithi kwa Wafaransa na Wabelgiji, koma ndiyo inayotenga desimali. Kati ya 1,4 na 14 kuna alama ndogo kuliko punje ya mchele, na ndani yake kuna siku nzima ya watu wanne. Tukafuta vyote. Akapanga safu ya asilimia kwa fonti moja ya kawaida, akichagua ile ambayo tarakimu zake zote zina upana sawa, ili koma zisimame moja chini ya nyingine kama misumari kwenye mbao. Hili ni jambo la kiufundi ambalo wanafunzi hulipuuza: fonti nyingi zina tarakimu 1 nyembamba, na ukizitumia kwenye safu, koma zinayumba. Kama programu yako haina chaguo la tarakimu za upana sawa, badilisha fonti, au zipange moja moja kwa mkono. Bila safu iliyonyooka hutaweza kufanya kitakachofuata, kwa sababu kosa huonekana tu penye utaratibu.

Kisha, katika mstari mmoja wa safu hiyo, koma ikakua. Tulichapisha tatu. Iliyokuzwa mara mbili ilionekana kama bahati mbaya ya mashine. Iliyokuzwa mara nane ilikuwa kiluwiluwi, na darasa zima likacheka. Mara nne ilikaa vizuri: mkia wake ukashuka hadi mstari wa pili na kukwaruza tarakimu iliyo chini. Ukitaka kutia chumvi, tia ya kutosha ijulikane umekusudia, na uache kabla chakula hakijawa chumvi. Kiasi hicho hakijulikani kwa kufikiri. Kinajulikana kwa kuchapisha matoleo matatu na kuyabandika ukutani pamoja. Tena tulibadilisha sura ya koma. Ya fonti yake ilikuwa nene na ya mviringo, kama tone. Tukaazima nyingine yenye ncha iliyojikunja. Tone halikwaruzi.

Kuhusu fonti nitapita haraka, kwa sababu wanafunzi hutumia nusu ya muda wao huko na mapato ni madogo. Mbili zinatosha, mara nyingi moja. Usichukue fonti yenye nyufa kwa sababu neno lako ni “mwamba”, wala yenye damu kwa sababu neno lako ni “vita”. Fonti hizo zimekwisha kukuamulia hisia, na ni hisia za mtu wa mbali. Kwa maandishi ya Kiswahili napenda Andika, fonti ya bure iliyotengenezwa na SIL kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma, ambayo hata jina lake imelichukua kwetu. Herufi zake hazichanganyani: l ndogo haifanani na I kubwa, wala na 1. Ni fonti isiyo na maringo. Neno lolote litakalofanya vituko ndani yake litaonekana, maana yenyewe haifanyi.

Rangi iwe ya mwisho, na mara nyingi isiwepo. Malizeni kwa nyeusi kwanza. Najua malakiti ni yetu na kijani chake ni kizuri, najua shaba inang'aa. Lakini rangi hapa zina mdomo. Nyekundu, nyeupe na kijani zikikutana kwenye ukurasa mmoja, hasa penye misalaba ya shaba, mtu wa Katanga hasomi tena neno lako. Anaona bendera ya mwaka 1960 na anaanza kukuuliza uko upande gani. Kama ndiyo mada yako, haya, ingia ukijua. Kama siyo, umejipakia mzigo ambao hukuutaka. Misalaba yenyewe ningewaomba muipumzishe. Babu zetu waliisubu kwa umbo la herufi X, na kila mwanafunzi wa michoro akifika kwenye neno lenye X, au hata lisilo nayo, anauchomeka. Kiswahili hakina X. Hilo lingetosha kuwa dalili.

Kama unatafuta mtu wa huku wa kumtazama, mtazame Tshibumba Kanda Matulu. Katika miaka ya 1973 na 1974, pale Lubumbashi, alichora historia ya nchi kwa picha 101 alizomuuzia huyohuyo Fabian, akipaka juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Maneno yake, kwa Kifaransa, yamo ndani ya picha. Hayakubandikwa baadaye, yametoka kwenye mkono na brashi ileile iliyochora askari na majengo. Mwanafunzi wa kompyuta hawezi kufanya hivyo kwa urahisi, lakini anaweza kujiuliza: je, herufi zangu na nafasi yangu zimetoka kwenye mkono mmoja? Mara nyingi jibu ni hapana, na utaliona kwenye pambizo, ambazo zimeachwa kama programu ilivyozitoa.

Umeme. Hakuna ushauri wa kazi ya kompyuta Kolwezi unaoweza kuukwepa. Tuna mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, ya tangu miaka ya 1950, yaliyojengwa kulisha migodi, na bado giza hutukuta katikati ya kazi. Msilalamike, tumieni. Chapisha herufi zako mara moja kwa ukubwa kadhaa, zikate kwa mkasi, zipange mezani kwa mkono mchana wa jua, kisha zipige picha kwa simu ukiwa umesimama juu ya kiti. Utashangaa jinsi mkono unavyopata milimita 2 ambazo kipanya kingezitafuta asubuhi nzima. Na kwa mkasi huwezi kunenepesha herufi kwa kubonyeza, kwa hiyo utazinenepesha zile tu zinazostahili kazi hiyo.

Kabla ya kuwasilisha, peleka kazi yako kwenye fotokopi ya mtaani, ile yenye wino uliochoka. Toa nakala, kisha utoe nakala ya nakala. Mistari myembamba itakatika, kijivu cha hali ya juu ulichokipenda kwenye skrini kitakuwa madoa, na milimita 5 za pembeni zitaliwa kwa sababu mashine nyingi hazichapi hadi ukingoni. Kilichobaki ndicho ulicho nacho. Halafu ibandike ukutani urudi nyuma. Sisi wa mabango tulijifunza kwamba herufi ya sentimita 2,5 husomeka kwa raha kutoka mita 3. Ndogo zaidi ya hapo itamlazimisha mtu asogee. Kumsogeza mtu kunaweza kuwa ndiyo nia yako. Silabi za pointi 10 za yule binti hazisomeki kutoka mita 3 hata kidogo. Kutoka mlangoni unaona ufa mweusi kwenye karatasi nyeupe. Unakaribia, unaanza kusoma, na shingo inaanza kuinama. Kufikia mstari wa 60 umechuchumaa. Hilo hakulipanga, lakini alipoliona alikuwa na akili ya kutoligusa, akaomba karatasi yake ibandikwe chini kidogo kuliko za wenzake.

Aliipeleka pia nyumbani kwa mjomba wake, ambaye alichimba miaka mingi kabla goti halijamwachisha. Mjomba hakusema kama ni nzuri. Alitia kidole kwenye silabi ya kwanza akashuka nacho taratibu, midomo ikicheza, hadi kidole kikasimama, chini kidogo ya katikati. “Hapa njo mupepo inaishaka,” akasema.

Karatasi ilikuwa haijui hilo. Nafasi kati ya mistari ilikuwa milimita 4 juu na milimita 4 chini, hewa ileile mita ya kwanza na mita ya 30. Binti akahesabu: kidole cha mjomba kilikuwa kimesimama kwenye mstari wa 45. Kuanzia wa 46 akaibana mistari hadi milimita 3, na kwa pointi 10 hiyo ina maana herufi zinaanza kugusana, mkia wa g unamgonga aliye chini, kichwa cha k kinaingia kwenye mstari wa juu. Haikuwa safi, na hakukuwa na haja iwe safi. Ila hesabu iligeuka: mistari 30 iliyobaki sasa ilichukua sentimita 9 badala ya 12, na chini ya shimo kukawa na sentimita 3 tupu. Aliniletea akiuliza kama aziache wazi. Nilimrudisha kwa mjomba. Mjomba akasema hapana, mutoto, mawe yako hukohuko chini, na wewe umerudi kabla ya kuyafikia.

Sentimita 3 kwa milimita 3 ni silabi kumi. Ijumaa alipokuja alikuwa na saba.